Ndege Itarudi Wapi?

Kisii na Nyamira hazina ziwa. Nasema mapema kwa sababu makala haya ni ya boti, na najua kuna msomaji wa Mombasa ameshaanza kucheka. Tuna mito. Gucha unaanzia kwetu milimani, Sondu unapita ukingoni mwa Nyamira, na yote miwili inateremka hadi Ziwa Victoria bila kutuaga. Sisi tunabaki juu na ndizi zetu na majani chai. Lakini panda Manga siku isiyo na ukungu, simama pale ukingoni ambapo ardhi inakatika ghafla, na utaliona ziwa kule mbali, kama bati jipya lililoachwa juani. Mtu wa kwetu amekuwa akiliangalia ziwa kutoka juu kabla hata ya kujua kuogelea. Wengi wetu bado hatujui.

Kwa hivyo nilipopata kibarua cha kushika droni kwenye boti, nilikuwa natoka katika jamii yenye uzoefu mrefu wa kutazama maji kutoka juu na uzoefu mdogo sana wa kukaa ndani yake. Kazi yenyewe ilitokana na vita, na hapo ndipo inabidi nianzie.

Septemba 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijamaliza hata miezi miwili. Kituo cha serikali ya Waingereza pale Kisii kilikuwa kimefunguliwa 1907, na tayari kilikuwa na historia ya damu: Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa wilaya, Northcote, na jibu la serikali lilikuwa msafara wa kijeshi uliopita Kitutu ukiua watu na kuswaga ng'ombe. Watu walikuwa bado wanakumbuka hayo. Halafu ghafla, miaka sita baadaye, hao hao waliokuja na bunduki wanafunga mizigo na kuondoka mbio. Wajerumani walikuwa wamevuka mpaka kutoka kusini na wanakuja.

Wajerumani wakaingia Kisii. Waingereza nao wakapakia askari wa KAR kwenye meli kule Kisumu, wakavuka ghuba, wakashuka Kendu, kisha wakapanda milima kwa miguu. Tarehe 12 Septemba walipigana siku nzima. Kapteni Thorneycroft aliyewaongoza Waingereza aliuawa. Ukisoma maelezo ya siku ile, kinachoshangaza ni mwisho wake: giza lilipoingia, pande zote mbili zilirudi nyuma. Waingereza walikuwa wameishiwa risasi. Wajerumani walikuwa wamepoteza watu wengi. Kila upande ulijitoa gizani bila kujua kwamba adui naye anajitoa upande wa pili wa kilima.

Hebu fikiria mandhari yenyewe. Kisii ni vilima juu ya vilima. Ukiwa bondeni huoni kitu ila mgomba ulio mbele yako. Majeshi mawili yenye bunduki za mashine yalipigana siku nzima, kisha yakaachana bila yeyote kujua nani ameshinda, kwa sababu hakuna aliyeweza kuona ng'ambo ya kilima. Waliojua hali halisi ni watu wa kwetu waliokuwa wametulia kwenye miinuko wakitazama. Waliona mji mtupu. Wakateremka wakaingia ofisi za serikali, wakaingia misheni, wakabeba walichoweza. Waingereza waliporudi waliita hicho wizi na uasi, na wakalipiza kwa kuchukua mifugo. Mimi naona ni hesabu ya kawaida: umeona mwenye nyumba amekimbia, mgeni wake amekimbia, na ng'ombe wako wa 1908 hujawahi kurudishiwa.

(Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo hakuna profesa anayesimama nyuma yangu kunisahihisha. Kazi hiyo nawaachia nyinyi.)

Sasa kibarua. Mtu mmoja alikuwa anatengeneza filamu fupi kuhusu siku ile, na alitaka picha ya boti ikikaribia Kendu Bay kutoka majini, jinsi askari wale walivyoiona nchi. Rafiki yangu ana droni na karatasi zake zote za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, maana tangu kanuni za 2020 huwezi tu kununua kitu hicho na kukirusha. Lazima kisajiliwe, na mwisho wa kupanda ni futi 400. Yeye ndiye rubani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia anga, kuhesabu dakika za betri, na kuidaka.

Ndiyo, kuidaka. Kwenye boti ya mbao ya wavuvi hakuna mahali pa droni kutua. Sakafu ina nyavu, mbao, maji kidogo na miguu ya watu. Kwa hivyo mtu mmoja anaishika kwa chini, mkono juu kabisa ya kichwa, mapanga yanaanza kuzunguka karibu na vidole, na rubani anaivuta iende. Ikirudi, ni vivyo hivyo kinyumenyume. Unavaa glavu, unaweka uso mbali, unaishika tumboni na kuing'ang'ania hadi izime. Inapigana na wewe. Ukiisogeza chini inadhani imesukumwa na upepo, inaongeza nguvu ili ibaki pale ilipokuwa.

Kabla hata ya kupaa kuna shida. Inapowashwa, droni inataka kutulia kidogo ijipime: wapi ni juu, wapi ni chini, kaskazini iko wapi. Kwenye boti inayoyumba haitulii. Ikiwa karibu na injini au chuma kingine, dira yake inachanganyikiwa. Basi tuliiwashia gatini, tukaacha ijue dunia ikiwa bado imetulia, ndipo tukapanda boti. Ikiwa juu ya maji nayo ina udhaifu mwingine. Chini ya tumbo ina vijicho vya kuangalia ardhi ili ijue imesimama au inasogea. Maji hayana alama. Mawimbi yanakwenda, yanang'aa, na vile vijicho vinaamini kwamba ardhi yenyewe ndiyo inakimbia. Kwa hivyo usishuke karibu na maji, hata kama picha ya huko ni tamu kiasi gani.

Lakini jambo kubwa kuliko yote aliliuliza mwenye boti, mzee Mjaluo ambaye tangu asubuhi alikuwa anatutazama bila neno.

"Vijana wangu, hiyo ndege yenu mafuta yakiisha inafanya nini?"

"Ni betri, mzee," rafiki yangu akajibu. "Ikikaribia kuisha inarudi yenyewe."

"Inarudi wapi?"

"Hapa."

Mzee akageuka, akatazama nyuma yetu. Gati lilikuwa limekuwa dogo kama kiberiti. "Hapa ni wapi?"

Alikuwa ameigusa shida yenyewe, na hajawahi kushika rimoti maishani. Droni ikipaa inaandika kumbukumbu ya mahali ilipoanzia. Mahali hapo ndipo nyumbani kwake. Ishara ya rimoti ikikatika, au betri ikishuka, inapanda hadi urefu uliowekwa, inageuka, na inakwenda nyumbani kwa mstari ulionyooka, kwa uaminifu wote. Kisha inashuka taratibu na kutua. Haijui kwamba nyumbani kulikuwa ni boti, na boti imekwenda zake. Kama ulirushia katikati ya ziwa nusu kilomita nyuma, itatua pale pale sahihi kabisa, juu ya maji, na kuzama ikiwa na taa zake zinawaka. Kwa hivyo rubani wa botini anabadilisha nyumbani kila baada ya dakika chache, anaiambia mashine: sahau pale, sasa ni hapa nilipo mimi na rimoti. Na anaanza kurudi mapema, betri ikiwa bado nusu, kwa sababu kwenda ukisukumwa na upepo ni rahisi, na kurudi ukipigana nao huku boti nayo inakukimbia ni hesabu nyingine.

Tulipiga picha zetu. Zilikuwa nzuri. Mzee alipoonyeshwa skrini alicheka, akasema Kendu inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Nami nilirudi Kisii na swali lake. Nilitaka kujua ni nani wa kwanza huku kwetu Afrika Mashariki kurusha kitu kutoka melini ili kikaone, na kama naye aliulizwa kitarudi wapi.

Ikawa sikuhitaji kwenda mbali. Ni vita ile ile, mwaka ule ule. Siku nane baada ya Kisii, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, palepale Zanzibar. Kisha Königsberg ikatoweka. Ilikuwa imeingia kwenye delta ya Rufiji, katika vijito na mikoko, na mabaharia wakapamba milingoti kwa matawi ya miti. Mwisho wa Oktoba Waingereza walijua iko humo, lakini kutoka baharini hawakuweza kuiona vizuri wala kuipiga. Ni shida ya Kisii tena, ila mahali pa vilima kuna mikoko.

Wakamkodi raia mmoja, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ndogo ya Curtiss kule Durban. Ilikuwa aina ya ndege-boti: tumbo lake ni la mtumbwi, inapaa kutoka majini na kutua majini. Walipakia Cutler na ndege yake kwenye meli ya Kinfauns Castle, iliyokuwa meli ya abiria kabla ya kufungwa mizinga, wakaenda naye hadi kisiwa cha Niororo karibu na Mafia. Rejeta ya ndege ikawa inavuja. Wakatuma meli hadi Mombasa kutafuta nyingine, wakarudi na rejeta ya gari aina ya Ford. Hapo nilicheka peke yangu. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kurekodi video upcountry anaijua hiyo rejeta. Kuna siku tulifunga droni mguu kwa kijiti cha ice cream na gundi.

Safari yake ya kwanza, Novemba 1914, Cutler alipotea. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, akashindwa kupata meli yake, akatua karibu na kisiwa kingine na kukaa pale hadi wakaja kumtafuta. Nikasoma hapo mara mbili. Alipaa kutoka nyumbani kunakoelea, na bahari haina alama.

Baada ya siku chache alipaa tena na akaiona Königsberg. Wakubwa hawakumwamini moja kwa moja. Yeye ni raia, na anachosema ni maneno tu. Ikabidi nahodha wa Kinfauns Castle mwenyewe, Crampton, apande kwenye kile kiti ili aone kwa macho ya mwanajeshi. Akaona. Desemba injini ya Cutler ilizima juu ya delta, akatua mtoni, Wajerumani wakamchukua mateka.

Kamera yenyewe ilipata picha zake mwaka uliofuata. Waingereza walileta ndege nyingine za majini, na joto la pwani likazitesa: gundi ya mbao ililegea, injini hazikuwa na nguvu ya kuzipandisha. Zile zilizofaulu ziliruka chini sana, ndani ya uwezo wa bunduki ya mkononi. Aprili 1915 rubani John Cull alipita juu ya Königsberg na kurudi na picha, injini yake ikiwa imepigwa risasi. Sasa hapakuwa na haja ya nahodha kupanda kushuhudia. Karatasi ilionyesha mto, kona, meli.

Julai waliimaliza. Meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kurusha mizinga kwa shabaha zisizoweza kuiona, huku ndege zikizunguka juu na kutuma ujumbe kwa redio: fupi mno, ndefu mno, kushoto, kulia. Tarehe 11 Julai ndege ya Cull ilipigwa. Ikiwa inaanguka, mwenzake, Arnold, aliendelea kutuma masahihisho hadi wakagonga maji karibu na Mersey. Wote wawili walitolewa wakiwa hai. Königsberg ikapasuliwa na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake waliitoa mtoni na kuiburuta bara kupigania vita iliyobaki. Mmoja upo Mombasa hadi leo, nje ya Fort Jesus, na watoto wa shule za kwetu wakienda tripu hupigia picha hapo wakidhani ni wa Wareno.

Nimekaa kwenye hadithi hii kwa sababu ni tamu, nakubali. Vita vya ndege na mito ni hadithi za vijana. Lakini kuna watu hawaonekani katika picha ya Cull. Baada ya 1914, serikali ile ile iliyokimbia Kisii ilirudi kuchukua wanaume wa kubeba mizigo. Wabebaji wa Kariakoo walitoka kila kona ya nchi, Kisii ikiwemo, wakapelekwa kusini Tanganyika, na vita vikafika Rufiji tena, safari hii kwa miguu, kwenye mvua. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Hakuna ndege iliyotumwa kuwatafuta. Kwetu kuna familia ambazo mtu wao aliondoka miaka ile na hadi leo hakuna kaburi wala barua. Nyumbani kwake palibaki palipokuwa. Yeye ndiye hakuwa na wa kumrudisha.

Vita ikaisha, kamera ikabaki hewani. Mwanzoni mwa 1927 Mswisi Walter Mittelholzer alipita Ziwa Victoria na ndege yake ya Dornier yenye maboya badala ya magurudumu, njiani kutoka Zürich kwenda Cape Town, akitua kwenye mito na maziwa na kupiga picha bila kuchoka. Picha zake zipo kwenye mkusanyiko wa maktaba ya ETH, Zürich, na nyingi unaweza kuzifungua kwenye simu yako sasa hivi. Miaka ya 30 Kisumu ikawa kituo cha ndege-boti za Imperial Airways, zikitua ghubani na abiria waliovaa suti. Mtu aliyesimama Manga siku yenye mwanga huenda aliona kitu kikimetameta kikishuka majini.

Halafu ndege ikaja juu ya milima yenyewe, na hii ndiyo sehemu ambayo bado inatuuma.

Serikali ilipoanza kupima na kusajili mashamba ya watu binafsi, kuanzia miaka ya 50 na hasa baada ya uhuru, haikuwa na wapimaji wa kutosha kutembea kila mpaka. Ikatumia picha za angani. Watu waliambiwa wapande ua kwenye mipaka yao, ua mnene, unaonyooka, ili kamera ya ndege iuone. Bibi yangu anakumbuka amri hiyo kama kazi ya nyumbani: pandeni, nyoosheni, ndege inakuja. Kisha picha zikakuzwa, mistari myeusi ya ua ikafuatwa kwa kalamu, kila kipande kikapewa namba, na hizo zikawa ramani za mashamba.

Picha nyingi hazikurekebishwa kwa ajili ya mteremko. Kwenye tambarare si shida sana. Kwenye nchi kama yetu, kilele kiko karibu na kamera na bonde liko mbali, kwa hivyo shamba la juu linatoka kubwa na la chini linatoka dogo. Mzee wa Kendu alipocheka kwamba mji wake umekuwa mkubwa alikuwa anaongea kuhusu jambo hili hili, ila yeye hakuwa na hati miliki inayotegemea jibu.

Na ramani ile ina nyumbani kwake. Inakumbuka ua ulipokuwa siku ndege ilipopita. Tangu hapo ua umekatwa kuni, umepandwa upya hatua mbili upande wa jirani, barabara imepanuliwa, baba amekufa na shamba limegawanywa kwa wana watano. Kesi zikifika ofisi ya ardhi, mashine inarudi kule kule ilikoanzia.

Baada ya kazi ya Kendu habari zilienea kijijini kwetu Nyamira kwamba nina ndege. Ndugu wawili wa ukoo wetu, wote nawaita baba mdogo, wamegombania mpaka mmoja tangu nikiwa darasa la pili. Wakaniita. Nikamleta rafiki yangu, akawaeleza vizuri kwamba yeye si mpimaji na picha yake si ushahidi. Wakamwambia arushe tu. Akairushia uani, mahali palipotulia, hakuna boti wala mawimbi, ikapanda wima, na sote tukainamia skrini: mabati, migomba, mistari ya chai ya kijani isiyo na mwanya kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Baba mdogo mkubwa akaweka kidole kwenye kioo, akasema ua ulipita hapa. Mdogo wake akaweka chake, sentimita moja pembeni. Kwenye kioo, sentimita moja ilikuwa safu nne za chai.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Aliulizwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyepanda. Akasema alipanda mwaka ambao mvua ilichelewa, kutoka kwenye mti mkubwa hadi kwenye jiwe. Mti ulikatwa zamani. Jiwe, wakakubaliana wote, lilivunjwa kokoto nyumba ya mkubwa ilipojengwa. Betri ilipofika nusu droni iliteremshwa, tukanywa chai, na wale wazee wawili wakaafikiana kulipa mpimaji wa serikali nusu kwa nusu. Bado wanamngoja.